Mstari wa Chaki Mezani

Maneno yalimkuta kwenye foleni ya mkaa, na tangu siku hiyo hayakumtoka kichwani. Muuza mkaa alikuwa akijaza kopo la mteja wa mbele, hana habari kwamba mwenye kuhusika amesimama pale pale na ndoo yake tupu.

"Ile pikipiki ya marehemu fundi saa imepata mnunuzi, umesikia? Haya, tusubiri. Ile haiendeshwi, inajiendesha. Marehemu alikanyaga breki mpaka mguu ukafa ganzi, chuma kinakwenda tu, kinakwenda tu, hadi njia panda. Mjane wake mwenyewe ndiye aliyesema. Ile pikipiki ina moyo wake."

"Na nani huyo kajitoa mhanga?"

"Si yule mpiga chapa, mpangaji wa nyumba ya mabati mekundu? Amepewa kwa bei ya kutupa. Nani mwingine angeitaka?"

Mwanamke mwenye ndoo tupu aligeuka akarudi alikotoka. Mtaa mzima ulimwita Mama Usafi, kwa sababu mlangoni kwake hata fundi bomba alivua viatu bila kuambiwa. Aliishi na mumewe na binti yao katika vyumba viwili, na ndani ya vyumba hivyo kila kitu kilijua mahali pake. Siku hiyo alifika nyumbani bila mkaa, na alipoulizwa na binti yake kulikoni, alisema foleni ilikuwa ndefu.

Mumewe waliyemwita Baba Wino alikuwa nje, amechuchumaa mbele ya pikipiki. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha uchapaji miaka kumi na minane, mpaka mashine zilipouzwa na wao wakaambiwa asanteni. Ilikuwa imepita miezi saba, lakini kucha zake bado zilikuwa na weusi pembeni. Duka kubwa la dawa lilikuwa linatafuta mtu wa kusambaza mizigo, mwenye chombo chake mwenyewe, na mwenye duka alimwambia bila kupindisha: "Jumamosi saa nne kamili. Nataka nikisikie kinanguruma hapa mlangoni. Saa nne na dakika tano naongea na mwingine." Ndipo wakauza makochi, yakaja magurudumu mawili.

"Baba," Mama Usafi alianza, "hii pikipiki watu wanasema..."

"Watu wanasema nini?"

"Kwamba ina moyo wake."

Mume hakuinua kichwa. "Afadhali. Mimi wangu umechoka."

*

Pikipiki yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao. Ilikuwa ya silinda mbili na kabureta mbili, na kiti chake kilikuwa kimepasuka kama mdomo wa mtu mwenye homa. Chuma cha kuwashia kwa mguu kilikuwa kimekatika, kwa hiyo ilitaka kusukumwa, mtu yuko juu na gia ya pili iko ndani, kisha aachie klachi. Tena ilitaka mtu wa pili nyuma, uzito uikandamize tairi isiteleze. Kwa miaka mitatu ilikuwa imelala chini ya turubai kwa mjane, na petroli ndani ya kabureta ilikuwa imeganda kama gundi. Ilikuwa lazima zifunguliwe.

Fundi wa gereji alitaka ujira ambao Baba Wino hakuwa nao. Lakini alipomwona anageuka kuondoka, alimshika mkono, na hakumwachia mpaka alipomaliza kusema. "Utafungua mwenyewe, sawa. Lakini nisikilize vizuri. Hizo kabureta ni pacha wasiofanana. Cha kushoto kirudi kushoto, cha kulia kirudi kulia. Hasa zile pistoni ndogo. Ukizichanganya zitaingia, zitakaa, hutajua. Utajua injini ikiwaka."

Jumatano asubuhi Baba Wino akatandaza gazeti juu ya meza ya kulia, meza pekee ndani ya nyumba. Alichora mstari wa chaki katikati, akakaa mahali pake pa siku zote, mgongo kwa dirisha. Nje alifunga koki ya mafuta, akatoa mipira, akalegeza nati, akazichomoa kabureta moja moja, na kila kipande kilichotoka kilikuja mezani upande wake. Binti alisimama nyuma ya bega lake.

"Hii ndiyo pistoni, baba? Ndogo hivi?"

"Hii siyo ile ya injini. Hii inapanda na kushuka ndani ya kabureta. Ukizungusha mkono wa mafuta inapanda, hewa na petroli zinapita. Ukiachia inashuka, inafunga." Aliinua kipande kinachotoshana na kikombe cha yai, mdomo wake umekatwa mshazari upande mmoja. "Ona hapa palipokatwa. Panatakiwa patazame hewa inakoingilia. Na mfereji huu wa ubavuni, hii uko huku, ile uko huku. Ndiyo maana hazibadilishani."

Kabla hajazifungua alikuwa amezungusha mkono wa mafuta mara mbili tatu, akiwasikilizisha. Kila alipouachia, vyuma vilianguka pamoja. *Tak.* Mama Usafi alikuwa anafua, akaisikia mpaka kwenye beseni. Masikio yake yalikuwa hayapitwi na kitu. Alijua mlango upi umefungwa hata akiwa jikoni.

"Sasa sikilizeni nyote," alisema Baba Wino, na uso wake haukuwa na mzaha. "Meza hii haiguswi. Haifutwi wala hailiwi juu yake. Tutakula mapajani mpaka Ijumaa. Mama, nakusema wewe. Ukihamisha hata skrubu moja, umetuhamisha sisi wote kwenda barabarani."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto ningemfungia chumbani."

Binti alicheka. Mama Usafi hakucheka. 

*

Alhamisi mchana Baba Wino alizibeba kabureta tupu kwenda gereji kuomba upepo wa kupulizia vitundu vyake. Hakupita muda, funguo nyingi zikalia ukumbini. Mlio huo kila mpangaji aliujua. Mwenye nyumba alikuwa anakagua vyumba, na mkataba ulisema wazi: hakuna kazi ya mafuta wala moto ndani.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

"Naja, mama, navaa!"

Hakuwa anavaa. Alikuwa amekamata beseni, anakusanya vyuma kwa viganja viwili, sindano, boya, springi, zile pistoni mbili, vyote ndani kwa mkupuo. Akalisukuma beseni chini ya kitanda, akakunja gazeti, akaufuta mstari wa chaki kwa upindo wa nguo yake. Mlango ulipofunguliwa alikuwa amesimama kati ya chumba, anahema.

Mwenye nyumba aliinua pua. "Nasikia harufu."

"Harufu gani, mama?"

"Ya petroli."

"Aa, hiyo?" Ulimi ukamponyoka kabla ya akili. "Ni dawa ya kunguni."

 Mwenye nyumba alikusanya gauni lake, akarudi hatua moja nyuma. "Kunguni? Nyumbani kwangu? Na wewe ndiye wanayekuita Mama Usafi!"

"Wachache tu, mama. Walikuja na... na kigodoro."

"Nitawaambia wapangaji wote watoe vitanda nje. Nitasema vimetoka wapi." Akatoka bila kuaga, na sauti yake ikasikika mlango wa jirani: "Jamani, kuna kunguni kule!"

Mama Usafi aliketi chini akajiziba uso. Miaka kumi na moja ya kufagia na kupiga deki ilikuwa imefutika kwa neno moja. Lakini hakukuwa na muda wa kulia. Mume angerudi wakati wowote. Alitandaza gazeti, akachora mstari mpya wa chaki, ulionyooka kuliko ule wa kwanza, akasimama mbele ya meza kurudisha vitu. Kichwa chake kilikuwa kizuri. Tangu Jumatano, kila alipofungua dirisha nyuma ya kiti cha mumewe, alikuwa ameiangalia meza ile kwa hofu, na alikumbuka kila kitu kilivyokaa. Pistoni yenye mkwaruzo kama herufi ilikuwa kushoto. Sindano yenye kutu shingoni, kulia. Alipanga mpaka akaridhika.

Baba Wino aliporudi aliitazama meza, akaguna, akaketi. "Mbona watu wanatoa vitanda nje?"

"Sijui," alisema mkewe.

*

Ijumaa jioni kabureta zilirudi mahali pake, nati zikakazwa, mipira ikavishwa. Baba Wino alipangusa mikono, akashika mkono wa mafuta, akazungusha, akaachia. Akarudia. Uso wake ulikunjuka.

"Zote mbili zinakwenda pamoja. Sikiliza."

Mama Usafi alisikiliza. Zilikwenda pamoja kweli, lakini ile *tak* haikuwepo. Ulikuwa mlio mzito, mfupi, kama mlango unaogota kwenye kapeti kabla ya kufika kwenye fremu.

"Baba, siku ile ililia vingine."

"Sasa ni safi. Ilikuwa na uchafu."

"Ililia kama kijiko kwenye kikombe."

"Mama," alisema taratibu, kama mtu anayejizuia, "wiki nzima umenikalia kooni na hii pikipiki. Kwanza ina moyo. Leo ina sauti. Kesho itakuwa na ndugu zake. Niache nipate kazi."

Akamwacha. Ndani ya kifua kuna kitu kilikuwa kinamgonga, lakini alikipa jina lile lile la muuza mkaa. Chuma kimeua mtu, kinataka wa pili. Hilo lilikuwa rahisi kuliamini kuliko lolote lingine.

*

Jumamosi saa tatu na robo meza ilikuwa meza tena. Baba Wino alikaa mahali pake, mgongo kwa dirisha, amevaa shati la kwenda kuajiriwa. Mkewe alisimama upande wa pili kumimina chai, kama alivyosimama kila siku tangu waoane.

"Sukari iko kushoto," akasema.

Mume akapeleka mkono wa kushoto bila kutazama. Akapapasa. "Wapi?"

"Hapo kushoto, baba."

"Huku hakuna kitu. Iko kulia." Akaiona, akacheka. "Kushoto kwako wewe uliyesimama huko."

Chai ilijaa kikombe, ikafurika, ikaanza kuchuruzika mezani. Mama Usafi hakuiona. Alikuwa anajiona Alhamisi, amesimama hapo hapo alipo sasa, anapanga pistoni yenye mkwaruzo kushoto. Kushoto kwake yeye. Mume alikuwa amezipanga akiwa ameketi kule, na kule kule dirishani ndiko yeye alikozikariri.

"Mama! Chai!"

"Samahani."

Alifuta.  Aseme? Angeanzia wapi? Mwenye nyumba alikuwa ameketi ukumbini na kiti chake, macho na masikio. Kuzifungua tena ni saa nzima, na saa nne haingoji mtu. Na mume alikuwa amesema, alisema kabisa, ukihamisha hata skrubu moja. Labda vyuma havina neno. Labda vinafanana kuliko alivyosema fundi. Akachagua njia ya mkato.

"Baba, nimeota vibaya. Usiipande leo."

Baba Wino alisimama. "Nitakie heri au ninyamazie. Binti, twende. Nakuhitaji nyuma, uikandamize tairi."

"Yeye abaki!"

"Mama, mimi ni mzito kuliko gunia la mchele," alisema binti akifunga kamba za viatu. "Nitashuka tu ikishawaka."

Nje, barabara ilishuka kutoka mlangoni mwao moja kwa moja hadi njia panda, hatua kama mia. Malori ya mchanga yalipita pale bila kupunguza mwendo. Kinyozi na muuza mkaa walikuwa wamekuja kusukuma, na nusu ya mtaa ilikuwa imekuja kutazama. Mjane wa fundi saa alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyumba yake, kanga mdomoni.

"Mpiga chapa, umeandika wosia?" alipiga kelele kinyozi.

"Nimekuachia wembe, ujifunze kunyoa."

Watu wakacheka. Baba Wino alifungua koki ya mafuta, akaminya klachi, akatia gia ya pili. Binti alipanda nyuma, akamkumbatia baba yake kiunoni.

"Ina moyo wake!" Mama Usafi alipaza sauti. "Jamani, ina moyo wake, izuieni!"

Walicheka zaidi. Wiki nzima alikuwa ameimba wimbo huo, na sasa haukuwa na uzito hata wa unyoya. Kinyozi na muuza mkaa waliinama, wakasukuma. Pikipiki ikaanza kuteremka, polepole, kisha si polepole tena.

"Sasa?" aliuliza kinyozi akikimbia.

"Bado!" Baba Wino alijibu. "Iongezeni mwendo!"

Mama Usafi alikuwa anakimbia pembeni, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Alimwona mumewe akiinua vidole kwenye klachi, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kuachia ndege. Na hapo kitu kikakatika ndani yake.

"Nilivihamisha! Baba, nilivihamisha vyuma vyako! Mezani! Alhamisi! Kushoto nimeweka kulia!"

Vidole vikarudi, vikakamata. Breki zikalia. Pikipiki iliserereka, ikayumba, binti akapiga yowe, na tairi la mbele likasimama hatua ishirini kabla ya njia panda. Lori la mchanga likapita mbele yao likiwaachia vumbi.

 Kutoka juu, mlangoni, ikasikika sauti ya mwenye nyumba: "Alhamisi? Kumbe ilikuwa petroli?"

*

Aliifungulia pale pale kando ya barabara, na mtaa mzima umemzunguka. Hakumtazama mkewe. Alizungusha kifuniko cha kabureta ya kushoto, akachomoa pistoni na waya wake, akaigeuza geuza mbele ya macho. Mdomo uliokatwa ulikuwa umetazama injini. Akafungua ya kulia. Vilevile.

"Hazikuwa zimefunga," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningeachia klachi, ingewaka na mafuta wazi. Yote." Akatazama mteremko, akamtazama binti yake aliyeketi ukingoni, magoti yamekutana. "Kabla sijajua nini kimetokea, tungekuwa..." Hakumaliza.

"Kwa nini hukusema?" Sasa alimgeukia mkewe. "Jana. Leo mezani. Kwa nini?"

"Uliniambia ukihamisha hata skrubu moja."

"Kwa hiyo afadhali tufe?"

"Niliogopa. Ilikuwa rahisi kusema ni pikipiki." Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya watu wote na hakuyafuta. "Ilikuwa rahisi."

Mjane wa fundi saa alikuwa ameshuka ngazi. Watu walimpisha. Alikuja mpaka kwenye pistoni mbili zilizolala juu ya kitambaa, akainama akazitazama, kama mtu anayetazama sura ya anayemjua.

"Mume wangu naye alizipanga mezani," alisema. "Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini hakutaka fundi. Mimi nilinunua kitambaa kipya cha meza. Cha maua. Nilitaka kukitandika tu."

"Bibi, basi," alisema kinyozi.

"Fundi wa gereji aliyeikokota baada ya ajali ndiye aliyeifungua. Akaniita pembeni, akanionyesha, akazirudisha sawa. Nikamwomba asimwambie mtu. Halafu watu wakaniuliza, bibi, ilikuwaje? Nikasema ina moyo wake." Alimtazama muuza mkaa. "Mkapenda kusikia hivyo. Mkaitembeza wenyewe."

Muuza mkaa aliangalia mikono yake myeusi. Mama Usafi alimshika mjane mkono, wakaketi pamoja ukingoni, wanawake wawili wasiowahi kuzidisha salamu, na mwanamume akaendelea na bisibisi yake.

*

Saa nne na nusu aliachia mkono wa mafuta. *Tak.* Waliipeleka kwenye uchochoro tambarare, na hakuna aliyepanda nyuma. Kinyozi alikikandamiza kiti kwa viganja vyake viwili huku akisukuma, ikakohoa mara tatu, ikawaka, ikatulia, inanguruma kwa upole kama mtu aliyeshiba. Baba Wino akaondoka.

Alirudi saa sita mchana. Mwenye duka alikuwa ameshaongea na mwingine, saa nne na dakika tano kama alivyosema. Alimwambia arudi mwisho wa mwezi, huenda kukawa na nafasi, huenda kusiwe.

Mama Usafi aliweka chakula mezani, akasimama upande wake. Alingoja kelele. Kelele hazikuja. Mume alikwaruza weusi wa ukucha mmoja kwa ukucha mwingine, kisha akavuta kigoda cha pili akakiweka kando ya chake, mgongo kwa dirisha.

"Njoo ukae huku," alisema. "Tuone kitu kimoja."

Siku ya pili, mama huyo alimpa binti yake kalamu, akamtajia neno kwa neno, na karatasi ikabandikwa kwenye ukuta wa gereji, ambako ipo hadi leo. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usifungulie kabureta kwenye meza ya kulia chakula.

Usitegemee mstari wa chaki. Chaki hufutika. Andika kwenye mfuko wa kila kipande, KUSHOTO, KULIA, na ni kushoto kwa aliyepanda pikipiki, si kwa aliyesimama mbele yako.

Usihamishe kitu cha fundi hata kwa usafi. Ukihamisha, sema siku hiyo hiyo.

Usimtishe mtu wa nyumbani kwako mpaka akaogopa kukwambia ukweli.

Usiwashe kwa kusukuma kwenye mteremko wenye barabara chini. Kwanza achia mkono wa mafuta usikilize. Isipolia tak, usiachie klachi.

Usimpakie mtoto wa mtu, wala wako, kwenye pikipiki iliyotoka kufunguliwa.

Usimwambie mwenye nyumba kwamba petroli ni dawa ya kunguni.

Na usiseme chuma kina moyo wake, ikiwa unajua mkono wako ulipita hapo.